Kabla Hujatoa Hela, Pinda Kiatu

Likizo ndefu inakaribia na wengi wenu mmeshaanza kupiga hesabu. Kuna atakayekwenda kwa mjomba kuvuna mpunga. Kuna atakayeshika koleo kwenye ujenzi wa mtaa wa pili ili asaidie ada ya muhula. Kuna atakayebaki nyumbani kulima, kuchunga na kutafuta kuni. Kazi si mbaya, na hela yako mwenyewe ina utamu wake. Swali letu la leo ni dogo tu: utakuwa umevaa nini miguuni?

Usicheke. Vijana wengi wakisikia neno "afya" hufikiria malaria, UKIMWI na maji ya kuchemsha. Kiatu wanakiweka kwenye fungu la fasheni, pamoja na mkanda na kofia. Ukweli ni kwamba kiatu cha kazi ni kinga kama chandarua kilivyo kinga, na kama ilivyo kwa chandarua, kikiwa na tundu hakina maana. Kwa hiyo leo tutajifunza kununua. Ndiyo, kununua nako hufundishwa.

Mguu ni mlango

Tuanze na minyoo ya safura. Kwenye mtihani wengi hujibu kwamba minyoo yote huingia mwilini kwa mdomo, kwa kula matunda yasiyooshwa. Kwa safura hapo umechemsha, maana mlango wake mkuu ni ngozi ya mguu. Mtu akijisaidia vichakani, mayai ya minyoo yaliyo kwenye kinyesi huanguliwa katika udongo wenye unyevu na kivuli. Viluwiluwi vyake, ambavyo huwezi kuviona kwa macho, hupenya ngozi ya mtu anayepita peku. Huingia kwenye damu, hufika mapafuni, hupanda hadi kooni, humezwa pamoja na mate na kushukia kwenye utumbo. Huko hujishikiza na kunyonya damu, siku baada ya siku. Matokeo yake ni upungufu wa damu: unachoka bila sababu, moyo unakwenda mbio ukipanda ngazi, unasinzia kwenye kipindi cha Hisabati na mwalimu anadhani ni uvivu. Kwa msichana ambaye kila mwezi anapoteza damu ya hedhi, mzigo huo ni mara mbili.

Funza mnamfahamu. Labda hamjui kwamba yeye ni mgeni hapa. Asili yake ni Amerika, na inaelezwa kwamba mwaka 1872 meli iliyotoka Brazil ilimshusha pwani ya Angola. Kabla karne ile haijaisha alikuwa amelivuka bara zima na kufika pwani ya Afrika Mashariki. Alisafiri kwenye nyayo za watu.

Kisha kuna kichocho. Vimelea vyake hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi wakati umesimama kwenye maji ya jaruba au mfereji. Gambuti ndefu isiyovuja husaidia sana, alimradi maji yasipite juu yake. Na kuna nyoka. Shirika la Afya Duniani liliweka sumu ya kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017. Kifutu, ambaye wengine humwita moma au bafe, hana tabia ya kukimbia akisikia hatua zako. Hutulia pale pale kwenye majani makavu hadi umkanyage. Ndiyo maana majeraha mengi ya nyoka yako kwenye miguu, chini ya goti, mahali ambapo buti lingefunika.

Msumari

Hili tulitazame kwa kirefu, maana linawahusu mnaokwenda kwenye ujenzi.

Tuseme upo saiti. Mafundi wamebomoa mbao za zege na kuzitupa chini, misumari ikitazama juu. Umevaa raba, tena zile kali, raba mtoni. Unakanyaga. Msumari unapita kwenye soli ya sponji kama sindano kwenye mkate, unaingia kwenye nyayo, unautoa. Damu ni kidogo sana. Tundu lenyewe linajifunga. Unaendelea na kazi kwa sababu usipomaliza siku hulipwi.

Tundu dogo lililojifunga ndilo la kuogopa. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wanyama, na mbegu zake huweza kuishi huko miaka na miaka. Vinapenda mahali pasipo hewa, yaani hasa ndani ya jeraha refu na jembamba. Watu husema "kutu ndiyo inaleta pepopunda". Hapana. Msumari mpya kabisa uliolala kwenye vumbi unaweza kukuletea ugonjwa uleule. Baada ya siku kadhaa taya hukaza, mgonjwa hashiki kula, misuli ya mgongo inajikunja, mwanga au kelele kidogo humshtua mwili mzima. Ni ugonjwa unaoua hata watu waliofikishwa hospitali.

Raba ina shida ya pili. Sponji yake ikiloa jasho hufuga bakteria wengine, na msumari ukipita huwasukuma hadi ndani karibu na mfupa. Mfupa ukioza matibabu yake ni ya miezi, si ya siku tatu.

Ukichomwa, fanya hivi: osha kwa maji mengi na sabuni, usipake majivu, udongo, mafuta ya breki wala kinyesi cha ng'ombe, na nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, uwaambie umechomwa na nini na ulikuwa umevaa nini. Uliza habari ya chanjo ya pepopunda. Wavulana, hapa sikilizeni vizuri. Chanjo ya utotoni nguvu yake hupungua kadiri miaka inavyopita. Katika nchi nyingi za Afrika msisitizo wa sindano za nyongeza umekuwa kwa kina mama wajawazito, na hiyo ni sawa, ila wanaume wengi hufika utu uzima bila nyongeza yoyote. Na ndio hao wanaobeba zege.

Jinsi ya kukagua

Haya, sasa tuingie dukani. Muuzaji atakushika mkono, atakwambia "hii ni orijino, kijana wangu". Mwache aseme. Wewe shika kiatu.

Kwanza kipinde. Kiatu kizuri hupinda pale vidole vyako vinapopinda, siyo katikati ya wayo. Kikipinda katikati kama karatasi, hakina uti wa mgongo, na mguu utauma jioni. Kikikataa kupinda kabisa, utapata malengelenge. Wakati umekipinda, tazama mpaka kati ya soli na ngozi. Ukiona gundi inaachia hata nyuzi moja, kirudishe. Hapo ndipo kiatu huachama kama mamba baada ya mvua mbili.

Pili, tafuta uzi. Soli iliyoshikwa kwa gundi peke yake ikiachia utaigundisha tena na tena bila mwisho. Soli iliyoshonwa kuzunguka kiatu inaweza kung'olewa na fundi na kubadilishwa. Lakini angalia ujanja: viatu vingi vya siku hizi vina mshono wa urembo uliochongwa kwenye plastiki. Ingiza ukucha. Uzi wa kweli unaushika, wa bandia ni mstari tu.

Tatu, ngozi. Tafuta ukingo uliokatwa, labda kwenye matundu ya kamba au kwenye ulimi wa kiatu. Ngozi halisi ina nyuzinyuzi kama kamba iliyochakaa. Ya bandia utaona tabaka la plastiki juu na kitambaa chini. Usiwashe kiberiti kuijaribu kama wanavyofanya wajuaji wa mtaani. Utalipishwa.

Nne, kivae. Nenda jioni, maana mguu huvimba kidogo kwa kutembea mchana kutwa. Vaa soksi utakazovaa kazini. Simama, usikae. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Usikubali ile kauli ya "kitaachia chenyewe ukikivaa". Ngozi huachia kidogo kwa upana, haiongezeki urefu.

Kama unakwenda saiti, tafuta buti za usalama. Ndani ya ulimi wa kiatu huwa kuna lebo yenye namba ISO 20345 na herufi. Hiyo namba maana yake ni kwamba kofia ya vidole imepimwa kwa pigo la jouli 200. Walimu wenu wa Fizikia watawasaidia kukokotoa: ni sawa na kitu cha kilo 20 kuanguka kutoka karibu mita moja. Herufi ndizo muhimu kwa msumari. S1 peke yake haina kinga ya kuchomwa chini. S1P na S3 zina bamba ndani ya soli. Kwa gambuti, S5 ina kofia ya vidole na bamba, S4 ina kofia tu. Gambuti ya kawaida isiyo na lebo yoyote inazuia maji, matope na minyoo, basi. Msumari unaipita.

Mitumba

Najua mnachotaka kusema: buti hizo zinauzwa bei gani, na baba anapata wapi? Twende Karume, Gikomba au Owino basi. Kwenye mitumba kuna buti za kazi nzuri sana kwa bei ya raba feki, na ukijua kuchagua unapata kiatu cha miaka. Lakini kuna mtego mmoja ambao hata watu wazima hawaujui.

Buti nyingi zina soli ya plastiki nyepesi inayoitwa poliurethani. Ni laini, inapendeza, lakini unyevu wa hewa huivunja polepole kutoka ndani, hata kama kiatu kimekaa tu kwenye boksi. Kwa hiyo unaweza kukuta buti linang'aa, halijawahi kukanyaga chini, unalinunua kwa furaha, na wiki ya pili soli inamomonyoka kama keki. Si uchawi wala si mkosi. Kabla ya kulipa, bonyeza kisigino kwa ukucha wa dole gumba kwa nguvu, kisha pinda soli na uitazame pembeni. Ikitoa chembe, ikinata, au ikionyesha nyufa nyembamba, achana nayo. Soli ya mpira ni nzito zaidi mkononi na ukiibonyeza hurudi.

Ukifika nalo nyumbani toa soli ya ndani, ioshe, anika kila kitu mpaka kikauke kabisa. Fangasi wa mwenye kiatu wa kwanza si lazima umrithi.

Hesabu yake

Chukua mfano, na bei hizi ni za mfano tu. Raba ni shilingi 15,000 na kwenye kazi ngumu inakaa miezi mitatu. Buti ni 60,000, linakaa miaka mitatu, na katikati utalipeleka kwa fundi mara mbili kwa 5,000 kila mara. Kwa miaka mitatu raba utanunua jozi 12: 180,000. Buti ni 70,000. Aliye na hela ndogo ndiye anayelipa zaidi.

Sasa wengine wakimaliza hesabu hii huishia hapo na kukuambia "nunua bora". Rahisi kusema! Mwenye 15,000 mfukoni hana 60,000, na hesabu nzuri haimpi. Kuna njia. Washkaji wanne wanaweza kucheza upatu: kila mwezi kila mmoja anatoa 15,000 na mmoja ananunua buti. Au mwombe fundi anayekuajiri akununulie na kukata kidogo kidogo; wapo wanaokubali, maana kibarua aliyechomwa msumari ni hasara kwake pia. Tena kwa haki, kinga ya kazi ni wajibu wa anayekuajiri.

Na kuna katambuga. Viatu vya tairi mnavidharau, mnasema ni vya wazee na Wamasai. Tairi la gari limetengenezwa kwa mpira mgumu wenye nyuzi za nailoni au waya ndani. Mwiba haupiti, msumari unapita kwa shida sana, na soli yake inaweza kukuzidi umri shuleni. Kwa kuchunga, kwa kuchota maji na kwa njia ya kwenda shule, sioni kiatu kinachoishinda kwa bei yake. Kasoro yake ni kwamba vidole viko wazi. Kwa hiyo siyo ya kubebea matofali, siyo ya jaruba, na kwenye majani marefu nyoka hakuulizi soli yako ni ya nini.

Nyumbani nako

Mkipata mshiko wa likizo, wengi wenu huwa mnamnunulia mama kitu. Safi kabisa. Jicho lile lile la kwenye kiatu litumieni hapa.

Sufuria. Tazama kitako: kiwe kinene na kikae sawa juu ya meza bila kucheza. Mishikio iwe imepigwa ribiti, isiwe ya kubandikwa kwa nukta mbili za kuchomelea. Sufuria za alumini za kuyeyushwa mitaani kutokana na vyuma chakavu ni nene na hudumu, lakini hapa kudumu si sifa ya kutosha. Ndani ya chakavu kuna vipande vya injini na vitu vingine vyenye risasi, ile metali yenye sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya vipimo vya vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo, na zaidi ya theluthi moja vilitoa risasi kwa kiwango cha kutia wasiwasi. Ukiweza, nunua sufuria moja ya chuma cha pua hata kama ni ndogo. Kama ya alumini ndiyo iliyopo, msilaze ndani yake vitu vichachu: mchuzi wa nyanya, ukwaju, maziwa mgando. Pika, pakua, hamisha.

Ndoo na madumu. Ndoo nzuri ukiikandamiza ubavuni hurudi bila kuacha mstari mweupe. Ule mweupe ni ufa unaoanza. Geuza chini utafute alama ya glasi na uma, maana yake plastiki hiyo inafaa kwa chakula. Jua ni adui wa plastiki, kwa hiyo ndoo inayokaa kivulini hudumu zaidi. Na tafadhali, dumu la dawa ya mimea halioshwi likawa la maji ya kunywa, hata ulioshe kwa maji ya moto na mchanga mara kumi. Plastiki hunyonya dawa na kuitoa taratibu. Kuna watu mtaani huyauza madumu hayo yakiwa yameng'arishwa na lebo zimetolewa. Nusa. Dumu lenye harufu usilolijua, liache hapo hapo, hata kama ni gumu kama jiwe.

Chandarua. Hiki ukipewa bure kliniki kichukue. Ukinunua, soma kwenye mfuko: penye denia, 100 ina uzi mnene kuliko 75. Vyandarua vyenye dawa ya muda mrefu vimekusudiwa kustahimili kufuliwa mara 20 na kutumika miaka mitatu. Vingi hufa mapema kwa sababu ya wenyewe. Kabla ya kukitumia mara ya kwanza kitandaze kivulini siku nzima. Kifue kwa sabuni ya mche na maji baridi, si zaidi ya mara moja kila miezi mitatu, bila jiki, na ukianike kivulini. Kikipata tundu, chukua sindano usiku huo huo.

Turudi miguuni, maana hata buti la S3 linaweza kuuawa na mwenyewe. Likiloa usiliweke karibu na jiko: ngozi hukauka kwa haraka na kupasuka, gundi nayo huachia. Ingiza magazeti makavu ndani, yabadilishe baada ya saa kadhaa, liache penye upepo. Futa saruji kila jioni kwa kitambaa chenye maji, kwa kuwa saruji hula ngozi ya buti kama inavyokula ngozi ya mkono. Kiwi si ya kung'aa tu, inazuia maji. Na kabla ya kuvaa asubuhi, geuza kiatu na ukigonge chini. Nge anapenda mahali penye giza na joto.

Kazi ya klabu ya afya

Kila mwanachama alete kiatu kimoja kilichokufa, chake au cha nyumbani. Mwalikeni fundi viatu wa karibu na shule, mumlipe hata soda, awapasulie kwa kisu chake. Kwa kila kiatu andikeni ubaoni: kilinunuliwa bei gani, kilikaa miezi mingapi, kilifia wapi. Ni gundi, soli, mshono au ngozi? Kisha kokotoeni bei ya kila kiatu kwa siku, na mumwombe fundi aseme ni vipi kati ya hivyo angeweza kuviokoa kama vingefika kwake wiki moja mapema.